Ngumi Inayobeba Mshale

Watu humsifu mpiga upinde kwa jicho lake. Mimi namsifu kwanza kwa ngumi yake, maana mshale hulala hapo kabla haujaruka, na pale unapolala ndipo shabaha inapoanzia.

Utazame upinde wa Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Ni mti mrefu uliochongwa mviringo, usio na kijukwaa cha kuwekea mshale. Mshale hupita ubavuni mwa mti, juu ya ngumi inayoushika. Wapiga upinde wa Uingereza ya kale nao walifanya hivyo. Katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, zilikutwa pinde ndefu zaidi ya 130. Hizo nazo zilitegemea mkono wa mwenyewe.

Hapa pana ajabu. Kwa anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, mshale hukaa kushoto mwa mti, na unene wa mti huielekeza ncha kando ya shabaha. Upote ukiachiwa hurudi katikati, na mtu angedhani mshale utapotelea kushoto. Picha za kasi alizopiga Mmarekani Clarence Hickman miaka ya 1930 zilionyesha kinachotokea: mshale hupinda, ukauzunguka mti, ukayumba huku na huku kama samaki majini, kisha ukanyooka njiani. Ukiwa mgumu mno hushindwa kuuzunguka mti, ukaangukia kushoto. Ukiwa mlegevu mno hupitiliza kulia.

Kwa hiyo anayechagua egemeo la mshale amechagua na mshale wenyewe. Upinde uliochongwa kijukwaa hadi karibu na katikati huusogeza mshale kwenye mstari wa upote. Upinde huo huvumilia mshale mgumu zaidi, na jicho huiona ncha ikiitazama shabaha karibu moja kwa moja. Upinde usiochongwa hudai mshale unaopinda kwa kiasi chake, na jicho lililozoea kuiona ncha ikiwa pembeni. Ndiyo maana naiheshimu sana kazi ya Mhadzabe anapounyoosha uti wa mshale kwa moto na kwa meno, akiukagua tena na tena. Utulivu ambao wengine huutafuta kwenye upinde, yeye huutia ndani ya mshale.

Manyoya ya mkiani mwa mshale nayo yana kazi yake hapa. Unyoya wa ndege hulala unapoguswa na ngumi au mti, kisha husimama tena. Bawa la plastiki linalowekwa badala yake hugonga na kuusukuma mshale nje ya njia.

Wajapani walishika njia nyingine. Upinde wao, mrefu kupita mita 2, hushikwa chini ya katikati. Mshale hukaa upande wa kulia, juu ya dole gumba la mkono wa kushoto. Mshale ukishatoka, upinde huzunguka mkononi. Kwao nako mkono umebaki kuwa egemeo.

Ngumi ina udhaifu wake. Ikipanda au kushuka upana wa kidole, mshale huanza safari mahali pengine, nalo jicho halina kosa. Anayebandika kipande cha ngozi juu ya kijukwaa hupata mahali pasipohama, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ila ngumi humfundisha mtu jambo ambalo ngozi haimfundishi: kurudia tendo lilelile kwa uaminifu uleule, kila mara.

Nawe unayeanza, chagua egemeo moja, tafuta mishale inayolifaa, ukae nalo. Mshale ukikosa, chunguza mkono kabla ya kulaumu jicho, na usibadilishe egemeo kila unapokosa. Shabaha njema hujengwa na mkono uliotulia.