Pongezi kwa Fundi wa Kompyuta
Anastahiki sifa fundi wa kompyuta ambaye, kabla ya kurejesha kipoza joto juu ya prosesa, huipangusa kwa spiriti pesti kuukuu yote ya kupitisha joto, kisha akatia katikati kiasi kidogo cha pesti mpya, kadiri ya punje ya mbaazi. Kwani afahamu kuwa nyuso mbili za metali, hata zikisuguliwa vipi, zina mabonde yasiyodhihirika kwa jicho, nayo hewa iliyomo humo huzuia joto kupita. Pesti hujaza mabonde hayo. Ila ikizidi huwa yenyewe kizuizi, maana metali hupitisha joto upesi kuliko pesti hiyo kwa mbali sana. Halafu fundi hukaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili mgandamizo ulingane pande zote. Kifuniko kikisharudi, mwenye mashine haioni tena kazi hii kwa macho: ni amana tupu. Fundi wa namna hiyo na alipwe ujira wake kamili.