Alama Chini ya Theluji

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii humsifu mganguaji, lakini haisemi neno juu ya mfumbaji, na kwangu mimi huyo ndiye anayestahili kupimwa kwanza. Mtega kitendawili mwema hutega kwa kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari. Anaposema ana nyumba isiyo na mlango, yai limo kichwani mwa kila aliyeketi pale. Kinachokosekana ni jicho la kuliona. Jibu likitajwa watu husema "kumbe!", wala hawaulizi "ndiyo nini hiyo?" Kwa kipimo hicho nataka kulipima fumbo moja la Uingereza, lililotegwa juu ya udereva wa nchi ile.

Fumbo lenyewe ni la mchezo uitwao jiokeshingi, uliozaliwa Marekani mwezi Mei 2000. Serikali ya huko ilikuwa imeacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti walizotumia raia, na chombo cha mkononi kikaweza kumfikisha mtu karibu kabisa na mahali anapopataka. Tarehe 3 ya mwezi huo mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo porini, akatangaza latitudo na longitudo yake. Leo hazina za namna hiyo zimetapakaa dunia nzima. Ni hazina kwa jina tu. Aghalabu ni kikopo chenye daftari la kutia jina. Katika zile za mafumbo, mahali panapotangazwa sipo penyewe. Mahali pa kweli kwa kawaida huwa ndani ya kilometa tatu hivi, na hupatikana kwa kuligangua fumbo.

Fumbo ninalolizungumzia linaanzia mjini Swindon, kwenye ule mzunguko maarufu uliojengwa mwaka 1972, ambao ni mizunguko midogo mitano iliyouzingira mmoja wa katikati. Watanzania huuita mzunguko wa magari kipilefti, neno lililotoka kwenye kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva ashike kushoto. Hapo Swindon hata neno letu linapata taabu, maana magari ya mzunguko wa ndani huenda kinyume na yale ya nje. Kuanzia mahali kama hapo ni uchaguzi mwema: mtafutaji anaonywa mapema kwamba anachokijua kitageuzwa.

Nusu ya kwanza, hata hivyo, haigeuzi kitu. Ni maswali ya mtihani wa nadharia ya udereva. Umri wa chini wa kuendesha gari? Miaka 17. Alama za kufaulu? 43 kati ya 50. Umbali wa kusimama kwa mwendo wa maili 30 kwa saa? Mita 23. Majibu haya hujumlishwa na kuzidishwa mpaka yatoe tarakimu tatu za mwisho za latitudo. Aliye na kitabu cha kanuni za barabara hana la kufikiri, na asiye nacho hana la kufanya. Hapa barabara imefanywa kabati la kuchukulia tarakimu. Naijua vyema elimu ya namna hii, kama wanavyoijua wengi waliotoka kwetu na leseni zao kisha wakalazimika kuketi mtihani upya Uingereza: mtu hukariri mita 23 kama anavyokariri namba ya sanduku la posta.

Na mfumbaji alikuwa na kitu kizuri mkononi! Zile mita 23 ni fungu mbili: mita 9 ambazo gari hupita wakati dereva angali anafikiri, na mita 14 baada ya mguu kukanyaga breki. Angeyauliza mafungu hayo mbali mbali, mganguaji angelazimika kuziona zile mita 9 ambazo gari linakwenda na hakuna afanyaye lolote. Hiyo ni habari ya kumtia mtu baridi, nayo imezikwa ndani ya jumla.

Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni picha moja tu: alama tatu za barabarani zilizofunikwa na theluji hata nyuso zao hazisomeki. Inatakiwa longitudo. Mtu hutafuta maandishi na asiyaone, kisha polepole anatambua kwamba theluji haikufuta kitu. Alama nyingi za Uingereza zilichorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, zikaanza kutumika mwaka 1965, zieleweke kwa kutupiwa jicho mara moja. Pembetatu inaonya, duara linaamuru, mstatili unaarifu. Alama ya kusimama imepewa pembenane, na ile ya kuwapisha wengine imepewa pembetatu iliyopinduliwa, ili dereva azitambue hata zikichafuka au kufunikwa. Basi hesabu pande: nane, tatu, na duara sifuri. Kumbe!

Mtu mkali atauliza: duara lina pande sifuri, au lina upande mmoja? Swali ni la haki, na fumbo lenye majibu mawili ni fumbo bovu. Lakini tazama duara limewekwa wapi. Limewekwa katika nafasi ya mwisho, ambapo tofauti ya sifuri na moja ni kama mita moja tu ardhini. Lingewekwa nafasi ya kwanza baada ya nukta, kosa hilo lingemtupa mtu zaidi ya mita 100. Mfumbaji aliijua shaka aliyoileta, akaiweka pasipoweza kumdhuru mtafutaji. Huo ndio naouita uungwana wa mtega kitendawili.

Ajabu ni kwamba mtihani wenyewe wa Waingereza ulipita njia hiyo hiyo. Ulipoanzishwa mwaka 1996 ulikuwa maswali ya kuchagua majibu. Mwaka 2002 ukaongezwa sehemu ya filamu fupi, ambamo mtahiniwa huitazama barabara na kubonyeza aonapo hatari inajitokeza. Waliokuwa na mtihani waliona kwamba kukumbuka si kuona. Mtunzi wa fumbo hili amejifunza hilo nusu tu.

Hukumu yangu basi ni hii: nusu ya kwanza ifutwe, na theluji iachwe peke yake. Alama ya barabarani haipaswi kamwe kuwa fumbo; kazi yake ni kumwondolea mtu kubahatisha. Picha ile ya theluji haikuivunja kanuni hiyo. Ilimwonyesha mganguaji kwamba alikuwa anazisoma alama hizo kwa umbo miaka yote bila kujijua, na mtu aliyekwisha kulitambua hilo hataipita tena pembenane bila kuiona.