Muyaka na Taifa Lisilokuwapo: Tanbihi juu ya Uhakiki wa Kizalendo

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili ulioandikwa tangu uhuru, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, amezoeleka kuitwa mshairi wa kizalendo, na pengine mtangulizi wa wapinga ukoloni. Msingi wa dai hilo unajulikana: aliutetea mji wake dhidi ya Seyyid Said bin Sultan wa Omani. Kasoro haimo katika beti zenyewe, bali katika msamiati unaotumiwa kuzisoma.

Neno taifa latosha kuwa mfano. Kwa msomaji wa leo, taifa ni umma wenye dola, bendera na mipaka. Katika Mombasa ya Muyaka, mji mmoja ulikuwa na mataifa 12, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika kambi mbili: Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita na Wajomvu, na Thelatha Taifa, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Mhakiki anayemwita Muyaka "mshairi wa taifa" apaswa kwanza kuulizwa: taifa lipi? Kambi hizo hazikuwa na msimamo mmoja kuhusu watawala wa mji, na mfarakano wa ndani ulichangia anguko la Wamazrui mwaka 1837.

Jozi ya "mwenyeji" na "mgeni" nayo haisimami. Wamazrui, ambao Muyaka alishikamana nao, walikuwa wenyewe ukoo wenye asili ya Omani, uliotawala Mombasa kwa niaba ya maimamu wa Yaaruba kabla ya kukataa kuwatii Mabusaidi. Katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, adui wa Mombasa walikuwa Waamu, Waswahili wenzao. Tena, mwaka 1824 Wamazrui hao hao waliukubali ulinzi wa Uingereza kupitia Kapteni Owen, na bendera yake ikapepea Mombasa hadi 1826. Wahakiki wa mkondo wa kizalendo hulipita jambo hili kimyakimya, wala si ajabu.

Hili halina maana kwamba Muyaka asomwe kama malenga wa mapenzi na mafumbo tu. Huko ni kukwepa. Siasa anayo tele, ila ni siasa ya mji: heshima, utii, usaliti, na kujibizana kwa beti na mahasimu. Fumbo lake lilikusudiwa masikio ya watu waliojuana kwa majina na kwa koo. Likishafanywa ishara ya ukombozi, ukali huo wa kumlenga mtu fulani, kwa jambo fulani, hupotea.

Pana tahadhari nyingine. Beti hizi zilikusanywa na W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na Hichens akazichapa mwaka 1940. Kabla ya kumtwika Muyaka itikadi ya miaka ya 1960, mhakiki ana kazi ya kupambanua yaliyo ya mtunzi na yaliyo ya wakusanyaji, na kazi hiyo haijafanywa vya kutosha.