Ufundi wa Kumchagua Nyoka wa Pili

Mwezi Julai mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mmoja jike alitaga mayai saba. Watunzaji wake walipigwa na butwaa, maana hakuwa amekutana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Isitoshe, alikuwa ajuza: bustani ilimpokea mwaka 1961 kutoka kwa mtu binafsi, na umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 62. Alikuwa wa jamii ya Python regius, chatu mdogo ambaye makao yake yanaanzia Senegali hadi Uganda, na ambaye leo ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi majumbani Ulaya na Marekani.

Mfugaji anayetaka kuongeza nyoka wa pili afadhali aanze hesabu yake hapo. Bei ya mnyama ni sehemu ndogo ya gharama. Anachojifunga nacho ni miaka 20, pengine 30, ya maji safi, joto la kipimo na panya waliogandishwa kwenye friji.

Wa kwanza mara nyingi huwa nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani. Rangi yake ya chungwa inapendeza, urefu wake hauzidi sana mita moja na nusu, ni mpole, na hula bila maringo. Tena huyavumilia makosa ya mfugaji mgeni. Ndiyo maana anafaa kuwa mwalimu.

Somo lake kubwa ni la kujivua gamba. Rangi huanza kufifia, kisha macho hufunikwa na ukungu wa kibuluu, na mgeni hudhani mnyama wake amepofuka. Baada ya siku chache macho hung'aa tena. Asiyejua hufurahi kwamba mambo yamekwisha; anayejua hutia maji safi na kungoja, kwa kuwa gamba lenyewe litatoka siku kadhaa baadaye, likianzia mdomoni na kugeuka ndani nje kama soksi. Hapo mfugaji mzoefu hulichukua, akalinyoosha mbele ya taa, akatafuta kichwani vifuniko viwili vya macho, vyembamba na viangavu. Asipoviona, basi vimebaki kwa nyoka, na huenda hewa ya tangi ilikuwa kavu mno.

Mtu aliyekwisha kulisoma gamba hivyo ndiye aliye tayari kuchagua tena, na uchaguzi huu wa pili ndio unaoupima ufundi wake. Vishawishi havikosekani.

Kishawishi cha kwanza ni ukubwa. Florida inajua matokeo yake: chatu wa Burma waliotoroka au kutupwa na wenyewe walizaliana katika kinamasi cha Everglades, wakala sungura na rakuni mpaka wakawa adimu. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilimweka chatu huyo katika orodha ya wanyama waharibifu, ikapiga marufuku kumwingiza nchini. Chatu wakubwa wa Afrika waliingia katika orodha hiyohiyo.

Kishawishi cha pili ni rangi. Wazalishaji wamepata chatu weupe, wa manjano, wenye madoa na wasio na doa hata moja, na soko linawapenda. Lakini rangi nyingine huja na kilema. Chatu wa ukoo uitwao spider hurithi mchoro mzuri mgongoni pamoja na kasoro ya sikio la ndani. Kichwa humtetemeka, na wengine hukosa shabaha wanapolenga chakula. Mfugaji wa kweli huomba kumwona nyoka akila kabla hajatoa pesa.

Kisha kuna tabia. Aliyezoea nyoka wa mahindi, anayekimbilia panya kila wiki, akimchukua Python regius anaweza kushangaa: huyu husimamisha kula kwa miezi kadhaa, hasa majira ya kuzaana, huku akiwa mzima kabisa. Dawa yake ni mizani na daftari. Uzito ukikaa palepale, hakuna msiba.

Wengine hutafuta maajabu, na hapo Afrika Mashariki huingia katika mazungumzo. Boa wa mchanga wa Kenya, Eryx colubrinus, ni mfupi. Dume hata nusu mita mara nyingi hafikishi. Huzaa watoto hai, na hujifukia akaacha macho na pua tu. Anayetaka nyoka wa kutazamwa sebuleni atakuwa amenunua tangi la mchanga. Naye Dasypeltis, nyoka mla-mayai, hupanua taya akameza yai pana kuliko kichwa chake, kisha hukunja shingo. Miiba ya uti wa mgongo hulipasua yai humo ndani, ute na kiini vikashuka, na ganda lililobondeka likatemwa. Yai lililooza hulijua kwa ulimi na kuliacha. Mkubwa hutosheka na mayai ya kware, bali mtoto wake huhitaji mayai ya ndege wadogo mno, na asiye na uhakika wa kuyapata asimguse.

Hata chaguo likiwa zuri, mgeni haingii nyumbani moja kwa moja. Hutengwa chumba kingine, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu, juu ya karatasi nyeupe ili kinyesi na utitiri vionekane. Utitiri wa nyoka ni kama vumbi jeusi; hujificha chini ya kidevu na kandokando ya macho, na mara nyingi hugunduliwa ukiwa umezama kwenye bakuli la maji. Wa zamani huhudumiwa kwanza, mgeni baadaye, kila mmoja kwa koleo lake. Wala karantini ikiisha hawawekwi pamoja. Lampropeltis, kipenzi kingine cha wafugaji wa Marekani, hula nyoka wenzake, hata wale wenye njuga mkiani, na sumu yao haimdhuru sana.

Jambo la mwisho ni asili ya mnyama. Ghana, Togo na Benin zimesafirisha chatu hai kwa wingi kwa ajili ya biashara hii, wengi wakitokana na mayai au majike waliochukuliwa porini. Nyoka aliyezaliwa kwa mfugaji huja na historia ya ulaji wake, na hakuna shimo lililofukuliwa kwa ajili yake.

Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, sheria ziko wazi: mnyamapori hafugwi bila kibali, na nyoka ni mnyamapori. Ukimwona nyoka ghalani usimshike, wala usikimbilie rungu. Watoe watoto, mwachie njia, kisha mwite anayewajua nyoka.