Tafsida na Mkazo: Uhakiki wa Kirai "What the Dickens" katika The Merry Wives of Windsor

Sehemu hii inahakiki matumizi ya kirai cha mkazo cha Kiingereza, "what the dickens", katika tamthilia ya William Shakespeare, The Merry Wives of Windsor. Kwa msemaji wa Kiingereza wa leo kirai hiki ni cha kizamani na hakimuudhi mtu. Aghalabu husikika kwa wazee, au kwa wanaowaigiza wazee. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba upole huo ni wa baadaye. Ndani ya tamthilia kirai kina ukali uliofunikwa, na ufuniko huo ndio unaobeba maana ya onyesho.

Suala la asili halihitaji kutuchelewesha. Wapo wanaolihusisha neno hili na mwandishi Charles Dickens. Yeye alizaliwa mwaka 1812, ilhali kirai kimo katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623. Kalenda peke yake inaifuta dhana hiyo. Dhana nyingine, kwamba neno ni ufupisho wa "devilkin", yaani kishetani kidogo, inavutia zaidi, lakini haiungwi mkono na maumbo ya kati yanayoonyesha jinsi neno moja lilivyogeuka kuwa jingine. Maelezo yenye mashiko ni mepesi kuliko hayo: Dickens ni jina la ukoo litokanalo na Dick, ufupisho wa Richard, nalo huanza kwa sauti ileile inayoanza neno la Kiingereza la shetani. Msemaji huanza kumtaja shetani, kisha ulimi ukageukia jina la jirani. Kisarufi kirai kinaweza kuondolewa na swali likabaki kamili. Kinachoondoka ni hasira, mshangao au, kama itakavyoonekana, uongo.

Katika onyesho la pili la tendo la tatu, Bwana Ford anakutana njiani na Bi. Page akiwa na kijana mtumishi, Robin. Anamuuliza amempata wapi. Bi. Page anajibu kwamba hakumbuki jina la mtu aliyempa mumewe kijana huyo, na hapo ndipo anapotumia kirai chetu. Kisha anamtaka kijana mwenyewe alitaje jina la bwana wake. Bwana huyo ni Falstaff.

Je, amesahau kweli? Mtu anaweza kusoma hivyo, na onyesho likapita kama porojo za njiani. Usomaji huo unasahau barua. Katika tendo la pili Bi. Page amepokea barua ya mapenzi kutoka kwa Falstaff, akailinganisha na ya shoga yake, Bi. Ford, na wote wawili wakagundua kwamba ni barua moja iliyobadilishwa majina tu. Tangu hapo wamekula njama ya kumwadhibu. Jina la Falstaff ndilo jina ambalo Bi. Page hawezi kulisahau. Anajifanya kulisahau mbele ya mume mwenye wivu, na kirai cha mkazo ndicho kinachoupa usahaulifu huo sura ya ukweli, maana mtu anayekereka kwa kutokumbuka huonekana hafichi kitu.

Tazama pia aliyesimama mbele yake. Mwishoni mwa onyesho la pili la tendo la pili, Ford akiwa peke yake anawataja mashetani kwa majina yao, Lucifer na wengine wawili, akidai kwamba hata majina hayo yana nafuu kuliko jina la mume aliyesalitiwa. Mume anawataja mashetani waziwazi, na anakosea katika kila anachokidhani kuhusu mkewe. Bi. Page anamfunika shetani kwa jina la mtaani, na ndiye anayeijua hali yote. Tamthilia inayoshikilia kwamba wake wanaweza kuchangamka na bado wakawa waaminifu inaupata hapa msamiati wake: neno lenye makali, lakini lililovishwa nguo.

Kwa Kiswahili jambo hili si la kinadharia tu, kwani mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliiigiza tamthilia hii kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London. Mfasiri akiandika "jina lake shetani gani", amekifichua alichokifunika Bi. Page, na tofauti kati yake na Ford imefutika. Akiandika "jina lake hasa ni nani", mkazo unabaki bila siri. "Sijui mdudu gani" inamdharau Falstaff ipasavyo, lakini haina kule kuponyoka kwa ulimi. "Anaitwa nani vile" inanasa barabara usahaulifu wa kujisingizia, ila haina mwiko ndani yake.

Mtafiti anapendekeza njia ya sauti, ambayo ndiyo njia ya Kiingereza chenyewe. Ford ni mume wa shoga yake, na kwa desturi yetu Bi. Page angemwita shemeji. Basi mwigizaji aseme: "Anaitwa she… shemeji, anaitwa nani vile?" Silabi ya kwanza ni ya shetani; zinazofuata ni za heshima, na zinamwangukia mtu yuleyule anayedanganywa.