Shuka la Viraka

Miezi ya Juni hadi Agosti, Kibo kinapojificha mawinguni na baridi kushuka mpaka huku kwetu Njoro, huwa sibanduki kwenye cherehani. Mwaka huu nimemaliza shuka la viraka vya kanga za marehemu mama. Naomba nilihakiki bila kujipendelea.

Mishono imenyooka, rangi zimepatana, na bitana ya pamba inatia joto. Lakini kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Nami, kwa kutaka viraka vilingane, nilipitisha mkasi katikati ya majina. Maneno ambayo mama aliyachagua dukani, akayavaa kumjibu wifi yake bila kufungua kinywa, sasa ni silabi zilizotawanyika.

Mdogo wangu alilitazama kwa muda, akauliza, "Dada, mama yuko wapi hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kila kitu, sikusoma hata neno.

Imebaki doti moja. Nitaishonea shuka jingine, jina likae zima katikati, hata pembe zikienda upande. Ndugu msomaji, kabla hujaikata kanga, isome.