Kanga Juu ya Sinia: Uchambuzi wa Kitambaa Kilichochapwa na Watoto Wawili

Kazi ninayoichambua safari hii ni kitambaa cha ukutani chenye urefu wa sentimita 44 na kimo cha sentimita 32. Kimechapwa kwa mkono na ndugu wawili, dada wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Wanaishi katika nyumba ya chumba na sebule, ghorofa ya tatu, hapa Dar es Salaam. Sebule hiyohiyo ndiyo ya kulia, ya kupigia pasi, ya kufanyia kazi za shule na ya kulaza mgeni akija. Hakuna meza ya kuchafua wala uwanja wa kukimbilia.

Hata hivyo kitambaa ni kizuri, na sisemi hivyo ili kuwafurahisha watoto. Kina nyota nyekundu na nyeusi zilizopangwa pembeni, jozi tatu za korosho nyekundu katikati, na chini maneno AKIBA HAIOZI. Ukikitundika sebuleni hakimwombi mtu yeyote radhi. Uzuri huo umetokana na mpangilio ulioazimwa kwenye kanga, na mpangilio huohuo ndio uliowezesha kazi nzima kufanyika mahali padogo.

Kwa nini kanga

Kazi nyingi za mikono tunazowapa watoto wa ghorofani hukwama kwa sababu mbili. Kwanza, zinataka nafasi isiyokuwepo, kwa muda mrefu, bila kukatizwa. Pili, zinamwachia mtoto aamue kila kitu kwa wakati mmoja: rangi, umbo, ukubwa na mahali pa kuanzia. Matokeo yake ni karatasi iliyolowa na mzazi aliyekasirika.

Kanga inatatua yote mawili. Ina pindo linalozunguka pande nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyokaa upande wa chini wa mji. Kila sehemu ina kazi yake na ugumu wake. Pindo ni kurudia: anayeweza kuhesabu hadi 11 anaweza kulichapa. Mji ni kubuni. Jina ni kuandika na kupima nafasi. Ndiyo maana watoto wawili wa umri tofauti waliweza kushika kitambaa kimoja bila kugombana: mdogo alipewa pindo, dada yake akachukua mji na jina.

Njia hii pia ina mizizi. Kabla ya kanga za viwandani kutawala soko, mafundi wa pwani walichapa nakshi kwa mihuri ya mbao juu ya marekani, ile pamba isiyotiwa rangi ambayo wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, waliileta Zanzibar katika karne ya 19. Marekani na Sultani wa Maskati, aliyetawala pia Zanzibar, walitiliana saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Jina lilikuja baadaye. Mfanyabiashara wa Mombasa Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye anayetajwa sana kuwa aliyeieneza desturi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Mtoto anayechapa marekani kwa muhuri anafanya kazi iliyowahi kufanywa na mafundi wazima wa pwani hii.

Vipimo ndivyo vilivyobeba kazi

Kanga ya dukani hukaribia sentimita 150 kwa 110. Ukiipunguza hadi asilimia 30 unapata 45 kwa 33. Mama wa watoto hawa alishusha vipimo hadi 44 kwa 32, na uamuzi huo mdogo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Namba zote mbili zinagawanyika kwa 4, kwa hiyo pindo zima likawa miraba ya sentimita 4: 11 kwa urefu, 8 kwa kimo, jumla miraba 34. Hakuna nyota iliyokatwa nusu wala pembe iliyobanwa.

Ndani ya pindo ulibaki mji wa sentimita 36 kwa 24. Ukanda wa chini wa sentimita 4 ukatengwa kwa ajili ya jina, na eneo la 36 kwa 20 likabaki kwa picha.

Hawakuchora mistari ya miraba juu ya kitambaa. Waliweka nukta za penseli tu, ya kwanza sentimita 2 kutoka ukingoni, kisha moja kila baada ya sentimita 4, na kila nyota ikakalia nukta yake. Nukta ilifunikwa na rangi, na kitambaa kikabaki safi.

Vipimo hivi vilipangwa pia kwa sababu ya sinia. Kutoka pembe hadi pembe, eneo la kuchapa lina takribani sentimita 54, nalo linaenea juu ya sinia kubwa la pilau la sentimita 60. Sinia lina kingo zinazozuia rangi isifike sakafuni, na linabebeka. Chakula kilipokuwa tayari, sinia lilipandishwa juu ya kabati kazi ikiwa bado mbichi, na mkeka ukabaki mtupu. Chini ya kitambaa walitandaza kipande cha blanketi kuukuu na magazeti, kwa sababu muhuri ukigonga bati tupu haugusi kitambaa sawasawa. Unahitaji kitu kinachobonyea kidogo.

Kitambaa kabla ya rangi

Marekani mpya huwa na wanga wa kiwandani. Ukichapa juu yake, rangi inakaa kwenye wanga badala ya kuingia kwenye uzi, na siku ya kufua inaondoka nao. Kwa hiyo kitambaa kilifuliwa kwanza kwa sabuni na maji ya moto, kikaanikwa, kikapigwa pasi. Kufua mapema kuna faida nyingine: kama kitambaa kitarudi, kirudi kabla ya kupimwa.

Kukata kulifanywa kwa kuvuta uzi mmoja mmoja, kama mafundi cherehani wanavyofanya. Uzi ukitoka unaacha njia nyembamba iliyonyooka, na mkasi unaifuata. Waliongeza sentimita 2 kila upande za kukunja na kushona.

Mihuri kutoka jikoni

Nyota za pindo zimechapwa kwa bamia. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa nyota yenye vyumba vitano, wakati mwingine zaidi, na haihitaji kuchongwa. Inafaa zaidi ile iliyokomaa, ngumu, ambayo mpishi angeitupa: haivuji ute mwingi na haipondeki mkononi mwa mtoto. Kwa mtoto wa miaka 6 huu ni muhuri salama, kwa kuwa mzazi anakata mara moja na mtoto anabaki na kugonga.

Korosho za mji zimetoka kwenye kiazi mbatata, na hapa ndipo penye ufundi. Korosho zinatazamana, na umbo lililochongwa haliwezi kujigeuza: ukilizungusha linalala upande mwingine tu, halimtazami mwenzake. Ufumbuzi ulikuwa kutumia nusu mbili za kiazi kimoja. Nusu ya kwanza ilichongwa korosho, ikapakwa rangi, ikagandamizwa juu ya nusu ya pili. Alama iliyobaki ilikuwa imegeuka tayari, na mama akachonga kwa kuifuata. Dada alielewa siku hiyo jambo ambalo wachapaji wote wanalijua: muhuri huandika kinyume.

Kiazi kina maji. Kikitumika mara tu baada ya kukatwa, rangi inachujuka na kingo zinafifia. Kifutwe kwa kitambaa kikavu na kuachwa wazi kwa dakika kadhaa. Rangi nayo isichovywe moja kwa moja kutoka kwenye chombo. Walimimina kijiko cha rangi juu ya kipande cha sponji la godoro kilichowekwa kwenye kisahani, na muhuri ukagonga sponji kwanza, kitambaa baadaye. Hivyo kila alama ilipata rangi ya kutosha bila kujaa.

Rangi mbili, jioni tatu

Walichagua nyekundu na nyeusi juu ya weupe wa marekani, rangi za kanga ya kisutu. Kujinyima rangi ya tatu kuliokoa kazi. Watoto wakipewa rangi sita hutumia sita, na jicho linakosa pa kutua.

Kila jioni ilikuwa na rangi moja au jambo moja: jioni ya kwanza nyekundu, ya pili nyeusi, ya tatu jina. Mashine za kuchapa nguo nazo hugawa kazi kwa rangi. Nyumbani mgawanyo huu una maana ya ziada, kwa sababu kila jioni kuna kisahani kimoja cha kuosha, na nusu bakuli ya maji inatosha. Anayeishi ghorofani, maji ya bomba yakikatika, anajua uzito wa jambo hilo.

Nyota zinapokezana, nyekundu kisha nyeusi, na hesabu inakubali: 34 ni shufwa, kwa hiyo mzunguko unafunga bila rangi mbili sawa kukutana, nyota 17 kwa kila rangi. Kwa kuwa upande mrefu una 11 na mfupi una 8, pembe mbili za juu zimekuwa nyekundu na mbili za chini nyeusi. Kulia na kushoto vinalingana, juu na chini vinatofautiana. Kanga nayo ina juu na chini kwa sababu ya jina, na rangi za pembe zimelitangulia kulisema hilo.

Rangi yenyewe ni ya kitambaa, ya kuchanganya na maji. Nasisitiza hili: rangi za mafuta na tina zisiingie katika chumba ambacho watu wanapika na kulala. Baada ya kukauka kabisa, kitambaa kilipigwa pasi kwa nyuma, kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa kingine, ili joto liishikize rangi. Muda na joto vimeandikwa kwenye kichupa, na vifuatwe.

Jina

Kwa kuwa muhuri huandika kinyume, herufi zilikatwa kwenye kiolezo badala ya kuchongwa. Kiolezo kilitoka kwenye boksi la juisi lililofunguliwa na kuoshwa. Utando wake wa plastiki haunyonyi rangi, kwa hiyo kinafutwa na kutumika tena. Herufi A, B na O zina kisiwa katikati, na kisiwa hicho kingeanguka. Kila kimoja kiliachiwa daraja jembamba la kukishikilia.

AKIBA HAIOZI ina herufi 11 na nafasi moja. Kwa sentimita 2 kila moja zinakuwa 24, na katika mji wa sentimita 36 zinabaki 6 kila upande. Dada alipiga hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kushika rangi.

Palipopungua

Kuna mawili. Herufi I imepewa nafasi sawa na nyingine, na kwa kuwa ni nyembamba inaonekana imetengwa na wenzake. Zipo tatu. Kila moja ingepewa sentimita 1, jina lote lingekuwa 21, na kila upande ungebaki na 7 na nusu.

La pili ni kubwa zaidi. Hakuna mstari kati ya pindo na mji. Nyota zinaelea, na kwa mbali pindo linaanza kuyeyukia ndani. Mstari mmoja mweusi, uliochapwa kwa ukingo wa kadi ngumu iliyogongwa kwenye sponji, ungetosha kulifunga.

Upande wa sifa, nasifu utupu ulioachwa juu na chini ya korosho. Mtu mzima angeujaza.

Kutundika

Mwenye nyumba hataki misumari ukutani, kwa hiyo kitambaa kimefungwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio na kuning'inizwa nyuma ya mlango. Vilivyobaki baada ya kazi ni kiolezo kilichowekwa ndani ya daftari na vichupa viwili vya rangi. Mihuri imetupwa. Kwa nyumba ya chumba na sebule, kazi isiyoacha mzigo ni kazi itakayorudiwa.

Hukumu yangu ni kwamba kitambaa hiki kimefaulu, na kinaweza kuigwa na familia yoyote yenye sinia, mita moja ya marekani na bamia zilizokomaa. Mzazi unayetaka kujaribu, anza na pindo peke yake juu ya karatasi, ili mtoto azoee kugonga muhuri kwenye nukta. Kisha mwachie jina alichague mwenyewe. Hesabu ya herufi mfanye pamoja.